Mpira wa mkojo wa kuvaa nje: yaliyonikuta nikimuuguza mzee nyumbani (tafadhali usifunge chochote kuzunguka)

Kitindamimba

Wanajamvi, salaam.

Wiki iliyopita jirani yangu alinipigia simu saa nne usiku. Akaniuliza, "Ule mpira wa mkojo wa mzee wako, huwa mnaufungaje?" Hilo neno "mnaufungaje" lilinitoa kitandani. Nilivaa kandambili nikaenda kwake mbio. Nikamkuta ameinama juu ya baba yake, mkononi ana kondomu ya kawaida, mpira wa dripu na uzi wa kushonea. Nilimshika mkono nikamwambia, kaka, ngoja kwanza. Mimi nilishapita njia hiyo na nilimuumiza mzazi wangu. Ndiyo maana naleta mada hii, na nitaandika kila kitu bila kuficha, kwa hiyo wenye haya mnisamehe.

Mzee wangu ana miaka 78. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yakawa hayatoki sawasawa. Alitoka hospitali akiwa na mpira wa ndani, ule unaopitishwa kwenye njia ya mkojo mpaka kwenye kibofu, kisha kiputo chake kinajazwa maji ili usichomoke. Alikaa nao miezi miwili na ndani ya miezi hiyo akapata UTI mara mbili. Ya pili ilikuwa kali, homa ikampanda hadi akawa anamwita mama, na mama alishafariki miaka sita nyuma.

Daktari alipompima tena akasema kibofu cha mzee kinatoa mkojo chenyewe bila shida, shida ni kwamba hawezi kuuzuia wala kuwahi chooni. Basi mpira wa ndani utolewe, avae wa nje.

Kwa ambaye hajauona, unafanana na kondomu, ila kwenye ncha una mrija mfupi mgumu kidogo unaochomekwa kwenye mpira wa kwenda kwenye mfuko wa mkojo. Upande wa ndani una gundi. Hauingii mwilini popote, na hapo ndipo nafuu yake ilipo. Kwenye maduka ya vifaa tiba ukisema kondomu katheta wanakuelewa.

Sasa kosa langu. Nilifika dukani nikaulizwa saizi, nikajibu "ya mtu mzima". Nikapewa. Usiku wa kwanza mpira ukachomoka, shuka likalowa. Usiku wa pili hivyo hivyo. Usiku wa tatu nikachukua plasta, ile ya kitambaa, nikazungusha raundi mbili juu ya mpira, nikakaza. Godoro lilibaki kavu na mimi nikalala usingizi mzito, wa kwanza baada ya wiki nyingi.

Asubuhi nilipofunua shuka, uume ulikuwa umevimba mara mbili ya kawaida, ngozi inang'aa, rangi ya zambarau iliyoiva. Chini ya plasta kulikuwa kumebonyea kama kidole kilichovaa pete ya mtoto. Mzee alikuwa macho ananitazama. Alikuwa akijua, ila hakuweza kuniita.

Jirani yetu mmoja ni nesi, nilimgongea mlango. Alikata plasta taratibu kwa mkasi wa ncha butu, tukampeleka hospitali. Uvimbe ulianza kushuka adhuhuri. Ngozi ilichubuka na kubanduka kwa muda wa wiki mbili. Daktari aliniambia kwamba tungesubiri mpaka jioni, pengine yangekuwa mazungumzo ya kukata.

Kwa hiyo hili ndilo ninaloomba mlishike hata kama hamtasoma mengine: usifunge uzi, lastiki ya nywele, wala usizungushe plasta au tepu kwenye uume. Hata isiyokazwa. Usiku uume hubadilika ukubwa wenyewe, kwa mzee na kwa kijana, na kitu kisichonyumbuka kinageuka kuwa kitanzi. Mpira ukichomoka, ni saizi siyo sahihi au ngozi haikukauka. Rudi kwenye hayo mawili.

Ninavyofanya sasa, na mwezi huu tunatimiza mwaka na miezi miwili bila kidonda:

Jioni baada ya kumuogesha ndipo namvisha. Nanawa mikono kwa sabuni. Nasafisha uume kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato makali, nasuuza, kisha nakausha kwa kitambaa laini. Hapo kwenye kukausha ndipo penye siri. Nikimaliza kukausha nasubiri dakika mbili tatu, feni ikiwaka, ndipo naendelea. Sipaki mafuta, sipaki losheni, simwagi poda, maana vyote hivyo vinaiondolea gundi nguvu. Nywele nazipunguza kwa mkasi na sizinyoi kwa wembe, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo na vipele. Halafu nina karatasi ya tishu nene niliyoitoboa tundu katikati. Naupitisha uume kwenye tundu, nywele zinabaki nyuma ya karatasi, na nikimaliza naichana karatasi naitoa. Kabla ya hapo gundi ilikuwa inashika nywele na kila nikivua mzee anakunja uso.

Naviringisha mpira kuanzia kwenye ncha kurudi nyuma, nikiacha nafasi ya sentimita 1 hadi 2 kati ya ncha ya uume na mwisho wa mpira. Ukibana kabisa, unasugua kichwa kinatoka kidonda. Ukiacha nafasi kubwa, mpira unajisokota na mkojo unarudi nyuma, unalegeza gundi. Nikishaviringisha naushika kwa kiganja, taratibu, nikihesabu hadi 15, ili joto la mkono liishikishe gundi.

Baada ya nusu saa narudi kutazama. Rangi iko vipi? Kuna uvimbe? Mrija haukujikunja? Usiku nikiamka kumgeuza natazama tena kwa tochi ya simu. Kesho yake natoa, navisha mwingine. Mmoja hauzidi saa 24 kwetu, na hatuufui tukaurudia. Kuutoa nao nauviringisha kurudi mbele, siuvuti. Ukigoma, nalaza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu yake dakika chache unaachia.

Karibuni kwa maswali na wenye ujuzi mnisahihishe.

---

Nesi wa Zamu

Kitindamimba, pole na ahsante. Nimekaa wodi ya wanaume miaka mingi na hilo la plasta nimeliona zaidi ya mara moja, karibu kila mara limefanywa na mtu anayempenda mgonjwa wake.

Naongezea kuhusu saizi maana hujaieleza. Saizi ni kipenyo kwa milimita, na zinazopatikana sana ni za kuanzia 25 mpaka 40 na kidogo. Kampuni nzuri huweka kipimo cha karatasi ndani ya boksi, kina matundu au alama. Kama hakuna, chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kwenye shina la uume sehemu nene, uume ukiwa haujasimama, usikaze. Kile ulichopata gawa kwa 3.14. Mzunguko wa sentimita 10 unakupa karibu milimita 32. Andika namba hiyo kwenye simu yako, nenda nayo dukani. Na upime tena baada ya miezi kadhaa, kwa sababu mgonjwa wa kitandani hupungua mwili, na miguu ikivimba, huko nako huvimba.

Halafu uliza kama ni ya silikoni au ya mpira wa lateksi. Kuna watu lateksi inawatoa vipele na kuwawasha, na kwa wachache mwili mzima unaitikia vibaya. Mimi nikiwa na uwezo nachagua silikoni kwa sababu nyingine pia: inapitisha mwanga, unaiona ngozi bila kuvua.

Kwa ambaye hajatahiriwa, govi libaki mahali pake, lifunike kichwa kama kawaida. Ukilirudisha nyuma ukavisha mpira, linaweza kubana likagoma kurudi, na hiyo ni dharura.

Kondomu ya kawaida ya kutengenezea nyumbani na mpira wa dripu najua inatumika, hata kwenye vituo vyetu, siku vifaa havipo. Lakini kondomu ile ina mafuta na haina gundi, kwa hiyo haina namna ya kushika bila kufungwa. Kwa hiyo nyumbani siishauri. Usiku mmoja wa pampasi au nguo kuukuu zilizokunjwa, ukibadilisha mara kwa mara, ni bora kuliko hiyo.

---

Mtafuta Nafuu

Mada imekuja wakati wake. Baba mkwe wangu ana miaka 81, ana tezi dume. Tangu wiki mbili zilizopita mkojo unamdondoka tone tone mchana na usiku, hauzuiliki kabisa. Nguo hazikauki. Nimeshaagiza hizo kondomu katheta zinakuja na basi kesho. Naomba kujua, nianze na mfuko mdogo au mkubwa?

---

Nesi wa Zamu

Mtafuta Nafuu, usimvishe kwanza. Nisome mpaka mwisho tafadhali.

Mtu mwenye tezi dume anayedondokwa tone tone bila kukoma, mara nyingi kibofu chake kimejaa na njia imebanwa. Kinachodondoka ni kile kinachofurika, kama ndoo iliyo chini ya bomba lililoachwa wazi. Mpira wa nje unakinga tu kinachotoka, hauna uwezo wa kukitoa kilichobaki ndani. Ukimvisha, nguo zitakauka na ninyi mtadhani mmepata nafuu, huku mkojo unarudi juu na kuharibu figo.

Mlaze chali, mguse chini ya kitovu. Kama kuna kitu kigumu cha mviringo, au akiguswa anasikia haja au maumivu, ni leo hii hii hospitali. Hata kama huoni kitu, kesho asubuhi mpeleke. Watapima kwa ultrasaundi mkojo uliobaki baada ya yeye kukojoa.

Na hili ni la wote: kabla ya mpira wa nje, ni lazima mtaalamu athibitishe kwamba kibofu kinajimwaga. Wengine wasiofaa ni wenye kidonda au upele mbichi kwenye uume, na wale ambao uume umerudi ndani sana kiasi kwamba hakuna pa kushikia. Hao wa mwisho wasilazimishwe, kuna mifuko ya kubandika kuzunguka, na kuna chupa ya mkojo na pampasi.

---

Magurudumu Mawili

Nipeni nafasi mimi ninayeuvaa mwenyewe.

Nilikuwa dereva wa bodaboda. Ajali ikanivunja uti wa mgongo juu kidogo ya usawa wa chuchu, kuanzia kifuani kushuka sisikii kitu. Ni mwaka wa tisa huu. Mpira wa nje ndio ulionirudisha mjini. Kabla yake nilikuwa nakataa hata kwenda msibani kwa kuogopa kunuka mkojo mbele za watu. Sasa nina kibanda cha kutengeneza simu, mfuko uko mguuni ndani ya suruali na wateja hawajui.

Ila kwa sisi tusiosikia, macho ndiyo yanayofanya kazi ya maumivu. Nina kioo kidogo cha kujitazamia nywele, asubuhi na jioni nakishusha huko chini natazama pande zote, hasa kwa chini ambako hakuonekani. Mikanda ya mfuko wa mguuni nayo natazama. Niliwahi kuikaza nikakaa kwenye kiti kutwa nzima, jioni nikakuta mchirizi umezama kwenye paja kama umechorwa. Tangu hapo kidole kimoja lazima kipite kati ya mkanda na ngozi, na kila siku nabadilisha mguu.

Sasa jambo ambalo wenzangu wenye uti wa mgongo lazima mlijue. Kama umeumia usawa wa kifua kwenda juu, mrija ukijikunja na mkojo ukakwama, mwili unaweza kupandisha presha ghafla. Mimi lilinikuta kwenye daladala. Kichwa kilianza kugonga kama nyundo, uso ukawaka, jasho likanitoka kuanzia shingoni kwenda juu, chini baridi. Konda akadhani nina malaria. Nilikuwa nimeukalia mrija. Nilipoinuliwa kwenye kiti na kukaa wima mkojo ukashuka, na kichwa kikaachia ndani ya dakika chache. Lisipoachia haraka namna hiyo, ni hospitali bila kusubiri, na mwambie daktari kwamba una jeraha la uti wa mgongo, kwa sababu presha hiyo inaweza kupasua mshipa wa kichwa. Kaa wima, usilale. Legeza nguo na mikanda. Fuata mrija kwa mkono tangu juu mpaka kwenye mfuko.

Nesi wa Zamu kasema kweli kuhusu kibofu kubaki na mkojo. Mimi kibofu changu hakimalizi, kwa hiyo mara nne kwa siku najitoa kwa mpira mwembamba wa kuingiza na kutoa, nilivyofundishwa hospitali. Wa nje ni kwa yale yanayoponyoka katikati.

---

Binti Ngamiani

Jamani mmenigusa. Kwetu shida haikuwa saizi, ilikuwa nani amvishe.

Tumezaliwa wasichana watupu, wanne. Baba alipovunjika nyonga alikataa kata kata. Alisema mwanangu hawezi kuniona uchi, na mkamwana wa ndugu yake aliyekuwa akija kusaidia ndiyo kabisa, yule ni mkwe. Tulimsikia. Tukamtafuta kijana wa baba mdogo, akafundishwa na nesi mara tatu mbele yetu, sisi tukiwa nyuma ya pazia tunasikiliza hatua. Siku kijana akisafiri inakuwa pampasi, hatumlazimishi. Mnaouguza, mwambieni mgonjwa unachotaka kufanya kabla hujamgusa, hata kama hasemi. Baba alikuwa akisema, "Nishtue kwanza kwa maneno, halafu ndiyo mikono."

Jingine lilikuwa sala. Alikaa siku nyingi hasali, analia, anasema nimevaa mfuko wa najisi nitasimamaje mbele ya Mola. Tukamwita shehe wa msikiti wetu nyumbani. Akamweleza kwamba asiyeweza kuzuia mkojo ana udhuru. Wakati wa sala ukishaingia, mfuko umwagwe, ajisafishe panaposafishika, atawadhe, asali hapo hapo bila kuchelewesha, na kila faradhi atawadhe upya. Kinachotoka baada ya hapo hakimharibii. Baba alisali adhuhuri siku ile kwa kukaa kitini. Sitaisahau.

---

Mama Kaka Wawili

Naomba kuuliza, je, wanawake tuna wa kwetu? Mdogo wangu ana miaka 24, tangu ajifungue mwezi wa tatu mkojo unamtoka bila kujijua. Uchungu ulimkaa siku mbili na mtoto hakubahatika. Mumewe ameshamrudisha nyumbani.

---

Nesi wa Zamu

Dada, pole sana, na mpe pole mdogo wako.

Vya wanawake vipo, ni kama mto mwembamba wa kitambaa unaowekwa kati ya mapaja na kuunganishwa na mashine ya umeme inayofyonza. Huku kwetu ni adimu na ni ghali. Lakini mdogo wako hahitaji hicho. Uchungu wa siku mbili, mtoto kupotea, kisha mkojo kuvuja mfululizo, hiyo ina dalili zote za fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Inatibika kwa upasuaji. Kama mko Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam wanatibu fistula bure, na wamekuwa wakituma hata nauli kwa simu kwa wagonjwa wa mikoani. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, sema neno hilo hilo, fistula, waandike rufaa. Wakati mnasubiri anywe maji ya kutosha, asijinyime, mkojo mzito unamchoma ngozi zaidi. Na mwambie kwamba hakulogwa wala hakukosea kitu.

---

Kitindamimba

Mama Kaka Wawili, tunaomba utuletee habari zake.

Kuna walioniuliza inbox kuhusu mfuko, najibu hapa. Tunatumia miwili. Mchana mdogo wa mguuni, usiku mkubwa wa lita 2 unaoning'inizwa pembeni ya kitanda. Mfuko siku zote uwe chini kuliko kibofu, hata wakati wa kumhamisha, usiupitishe juu ya tumbo lake. Usiguse sakafu pia. Mimi nimepiga msumari wa kona kwenye fremu ya kitanda. Unamwagwa ukifika nusu au zaidi kidogo, usingoje ujae, maana uzito wake unavuta mpira wote. Namwaga kwenye kopo lake maalumu, na mdomo wa bomba usiguse kopo.

Kuosha: maji na sabuni kwanza, kisha mchanganyiko wa siki nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 3, unaloweka kama nusu saa, unasuuza, unaning'iniza ukauke mdomo ukiangalia chini. Wengine hutumia jiki iliyozimuliwa sana. Chagua kimoja, usichanganye jiki na siki, mvuke wake ni sumu. Mfuko wa mguuni nabadilisha kila baada ya siku 5 hadi 7, au mapema ukianza kutoa harufu hata baada ya kuoshwa.

Nilipunguza maji ya mzee mwanzoni nikidhani nitapunguza mkojo. Nesi alinigombeza. Mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi na harufu kali. Sasa ananywa kama lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, kidogo kidogo, na baada ya magharibi tunapunguza. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiwango alichopewa na daktari wake.

Mchana wa siku ambazo niko nyumbani simvishi kabisa. Tunatumia chupa ya mkojo kila baada ya saa mbili na ngozi inapumua. Huu ni uamuzi wangu, na naamini ndio umemkinga na vidonda kuliko kitu kingine chochote.

Aliyeuliza kama kweli una nafuu kuliko wa ndani: mwaka 2006 ulitoka utafiti wa Marekani uliolinganisha mipira hii miwili kwa wanaume 75 waliolazwa kwenye hospitali ya askari wastaafu. Wa nje ulikuwa na maambukizi machache, na waliouvaa walisema hauwasumbui kama ule wa ndani. Ila nafuu hiyo ilionekana hasa kwa wasio na tatizo la kupoteza kumbukumbu. Inaingia akilini. Mgonjwa aliyechanganyikiwa anauvuta na kuuchomoa, na akiuvuta na gundi yake anajichuna. Kama mzee wako ni wa hivyo, usishindane naye.

Na wa nje hauondoi UTI kabisa. Homa na kutetemeka, mkojo wenye damu au uliochafuka, maumivu chini ya kitovu, au mzee kuanza ghafla kusema vitu visivyoeleweka: mpeleke. Vilevile akipitisha saa sita bila tone kwenye mfuko na shuka ni kavu.

---

Mtafuta Nafuu

Wakuu, narudi. Nilimgusa mzee usiku ule ule, chini ya kitovu kulikuwa kugumu kama embe bichi. Tulikodi bajaji saa tano usiku. Walipomwekea mpira wa ndani zilitoka lita 1 na nusu. Daktari ameagiza vipimo vya figo na ameanza dawa ya tezi. Mzee amelala usingizi ambao hakuulala kwa wiki mbili. Nesi wa Zamu, Mungu akuweke. Zile kondomu katheta zimefika, bado ziko kwenye boksi.

---

Nesi wa Zamu

Alhamdulillah. Mpira huo wa ndani msiutoe wenyewe, hata akisema unamkera. Na ukirudi kliniki, uliza majibu ya figo, usingoje uambiwe.

---

Jirani wa Nyumba ya Bluu

Nimejiunga leo ili niandike hapa. Mimi ndiye yule jirani wa saa nne usiku. Baba amepimwa juzi, kibofu kinamaliza. Nimepima kwa futi ya mke wangu ya cherehani mara tatu, inakuja sentimita 9, nikigawa inatoka 28 na pointi 7. Duka la kwanza lina 25 na 35 tu, muuzaji ananiambia nichukue 35 kwa sababu "inanyumbuka". Duka la pili wana 29 ila lazima ninunue boksi la 30. Nifanyeje?

---

Kitindamimba

Kaka, hiyo 35 ndiyo niliyouziwa mimi, achana nayo. 25 nayo itambana. Saizi ya baba ni 29, ila usinunue boksi bado, hujui kama ngozi yake itaikubali gundi hiyo. Mimi navaa kandambili nakuja, nina mbili za 29 za silikoni zilizobaki wakati mzee alipopungua mwili. Chemsha maji, na umwambie mzee kabisa tunachokuja kufanya. Leo nitavisha mimi, wewe ukitazama, na saa saba usiku tutaamka wote kumwangalia. Kesho utavisha wewe.